Manyunyu Mlangoni kwa Gethin

Uliwasikia. Usiniambie hukuwasikia, maana gereji ile imetazamana na duka la chipsi, na wewe chipsi za Ijumaa hujawahi kuzikosa. Ulisimama kwenye foleni, gitaa linalia ng'ambo ya barabara, ukajivuta ndani ya kofia ya koti na kujifanya unasoma bei ya samaki. Mwaka mzima watoto wetu watatu walipiga muziki pale, na mwaka mzima ukatazama kwingine. Leo umevaa fulana yao! Unawaambia watu wa mji mkuu, Cardiff, "Hao nawajua tangu zamani." Ungewajua, ungevuka barabara.

Mimi sisahau. Nilikuwepo walipong'oa reli ya bonde letu hili la Wales, Cwm Helyg, wakatuambia basi litatosha. Nilikuwepo walipopakia vitabu vya maktaba ya wachimbaji wa makaa kwenye lori la taka, vitabu vilivyonifundisha kila ninachokijua, kwa kuwa shule yenyewe ilinitema mapema. Mambo mengi ya bonde hili yamekufa kimya kimya, watu wakitazama bei ya samaki. Bendi ile nayo ilikuwa inakwenda njia hiyo hiyo, nami nikasema hapana, hii siiziki.

Bendi inaitwa Glaw Mân, yaani manyunyu, ile mvua nyembamba usiyoiona ikianguka lakini ukifika nyumbani hata soksi zimeloa. Anayeimba na kupiga gitaa ni Tirion Prosser. Sauti yake ina kutu kidogo, kama lango la chuma, na ikifunguka inafunguka kweli. Kaka yake, Macsen, yuko kwenye dramu. Beca anapiga gitaa la besi na huzungumza akipenda, na hapendi mara nyingi. Nyimbo wanatunga wenyewe, kwa Kiwelisi, lugha ambayo bibi zetu walichapwa shuleni kwa kuisema.

Gereji ni nzuri kwa mazoezi, lakini hakuna aliyewahi kuwa maarufu kwenye gereji. Jukwaa la bonde zima ni moja, la Klabu ya Wachimbaji, na funguo anazo Gethin Pryce, Gethin wa Klabu tunavyomwita. Gethin alikuwa akileta bendi za kuiga tu: wanaume wenye vitambi waliovaa mawigi, wakiimba nyimbo za watu wengine waliokufa au waliotajirika. Tirion akamfuata kwenye kaunta.

"Gethin, tupe Ijumaa moja tu."

"Mnapiga nyimbo za nani?"

"Zetu."

"Zenu?" Gethin alicheka hadi tumbo likagonga kaunta. "Binti, mtu akinywa anataka wimbo anaoujua. Wako ataujuaje na hajawahi kuusikia?"

"Atausikia lini, kama hututaki?"

"Hilo swali la mwanafalsafa. Mimi nauza bia."

Alizungumza kama klabu ni ya baba yake! Klabu ile walijenga wachimbaji wakitoka zamu, na makaa bado yamewajaa puani. Gethin ni katibu tu, alichaguliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuamka kupokea mapipa.

Basi Tirion akachoka. Jumamosi moja ya Januari, mchana, alikuja jikoni kwangu na wenzake wawili, akala keki zangu za zabibu bila kusema neno, nami nikajua kuna jambo, kwa sababu yule mtoto hula huku anaongea.

"Shangazi Rhonwen," akasema mwishowe, "nimepata kazi Swindon. Kwenye ghala. Naanza Jumatatu."

"Swindon, Uingereza?"

"Kuna Swindon nyingine?"

"Na bendi?"

Akainua mabega. Macsen akaangalia dirisha. Beca akasema, "Bendi imekwisha," na Beca hasemi ovyo.

Unajua nini kinafuata mtoto akienda Swindon. Anarudi Krismasi, halafu anarudi Krismasi moja kati ya mbili, halafu anatuma kadi. Nimewaona wangapi! Nikatazama kalenda niliyopewa na mwuza nyama, nikapiga meza kwa kiganja mpaka keki zikaruka.

"Leo ni Mwaka Mpya wa Kale, wa kalenda ya mababu. Mari inatoka jioni hii."

"Ndiyo, na?" akauliza Macsen.

"Na mlango wa mwisho ni klabuni kwa Gethin. Mwaka huu Mari mnaipeleka nyinyi."

Mari Lwyd ni fuvu la farasi lililofungwa juu ya mti, limevishwa shuka jeupe na riboni, macho yake vipande vya chupa. Mtu hujificha chini ya shuka akitatarisha taya. Inakwenda nyumba hadi nyumba na watu wake, na kila mlango wanaukuta umefungwa. Walio nje wanaimba ubeti wa kuomba kuingia, walio ndani wanajibu kwa ubeti wa kejeli, na wanakwenda hivyo, ubeti kwa ubeti, papo kwa papo. Anayeishiwa ameshindwa. Anayerudia ubeti uliokwisha kuimbwa ameshindwa vilevile, na kwa aibu zaidi. Wakishinda wa ndani, farasi anaondoka zake. Wakishinda wa nje, mlango unafunguliwa, wanapewa cha kunywa, na wanaimba wanachotaka, na haruhusiwi mtu kuwakatiza.

Nilipomaliza kuwakumbusha hilo la mwisho, Tirion aliacha kutafuna.

"Wanachotaka?"

"Wanachotaka."

"Lakini Shangazi," Macsen akasema, "haya si mambo ya wazee?"

"Na klabu imejaa nani, mjinga wewe? Sungura?"

Jioni ilikuwa na manyunyu, bila shaka. Beca aliingia chini ya shuka, na nikwambie, yule msichana mkimya alipopewa taya za farasi aligeuka mtu mwingine: aliwafukuza watoto hadi kituo cha basi, akamng'ata polisi kofia. Tulipofika klabu tulikuwa na msururu nyuma yetu. Ndani bendi ya kuiga ilikuwa imeshapanga vyombo jukwaani, wanameza pai kabla ya kuanza.

Gethin angeweza kuzima taa ya mlangoni tukapita. Wengine hufanya hivyo, na hakuna anayewachukia. Lakini babu yake Gethin alikuwa bingwa wa malumbano haya bonde zima, na picha yake iko juu ya kaunta. Tena mtu yule hajawahi kuona kipaza sauti akakiacha. Alikichukua jukwaani, akavuta waya hadi mlangoni, ili ukumbi wote usikie anavyotufukuza. Nasi tukafurahi, maana nje tulimsikia vizuri na ndani wakatusikia sisi.

Tirion akaanza, kwa ule wimbo wa kale:

*Hodi wenyeji hodini,*
*baridi yatusumbua,*
*tupisheni tuje ndani,*
*nje twaloa na mvua.*

Spika zikakohoa, Gethin akajibu:

*Rudini mlikotoka,*
*sauti zenu za paka;*
*mkianza kutamka*
*hata bia yachachuka.*

Ndani wakapiga meza. Tulikiri, ulikuwa ubeti mzuri. Tirion alifuta maji usoni, akasogea karibu na mlango.

*Gethin, bia yako maji,*
*bata angeiogea;*
*kuimba huna kipaji,*
*kuiga umezoea.*

Hapo hata watu wake walicheka. Nikasikia sauti ya mzee Islwyn, mwalimu wa kwaya ya wanaume, ikisema karibu na kipaza sauti, "Kuhusu bia hajakosea." Gethin akapandisha pumzi.

*Babu yangu alitamba,*
*malangoni akashinda;*
*ninyi wana wa kuomba*
*mtabaki mmeganda.*

"Kamtaja babu yake," nikamnong'oneza Tirion. "Usimwachie."

"Tulia, Shangazi," akasema, na macho yalikuwa yanacheka. Akaimba polepole, kila neno likisikika:

*Babu yako nasikia*
*aliimba yake yote;*
*wewe unamrudia,*
*huna lako siku zote.*

Tukamsikia Gethin anahema kwenye spika. Tukasikia anajikuna. Beca akatatarisha taya kwenye kioo cha dirisha, kata, kata, kata, naye Gethin akapaparika, akafungua kinywa na likamtoka la kwanza lililokuwa karibu:

*Rudini mlikotoka,*
*sauti zenu za...*

Hakufika kwa paka. Ukumbi ulilipuka. "Amerudia! Amerudia!" Viti vilianguka. Mtu akapiga kelele, "Babu yake ajifunike uso!" na mwingine akaenda kweli kuigeuza ile picha ukutani. Gethin aliapa kwamba alikuwa anapima kipaza sauti tu. Hawakumsikiliza. Wazee wenyewe ndio waliotoa komeo, farasi akaingia kwanza, akala pai ya Gethin.

Tulipewa bia. Ilikuwa maji, sasa ninayo haki ya kuliandika hilo. Kisha Tirion akapanda jukwaani na kuomba gitaa kwa mmoja wa wale wa mawigi.

"Haya! Haya!" akasema Gethin. "Desturi ni kuimba. Dramu haimo!"

"Dramu imekatazwa wapi?" Islwyn akamwuliza.

"Haikutajwa!"

"Basi haikukatazwa. Kaa chini, mrudiaji."

Yule mpiga dramu wa bendi ya kuiga, Mungu ambariki, alimpa Macsen vijiti vyake. "Kaka, piga," akamwambia. "Mimi mwenyewe nimechoka kuwa mtu mwingine."

Wakapiga wimbo wao wa basi lisilokuja. Unaujua, unauimba bafuni. Lakini fikiria kuusikia mara ya kwanza, ukiwa umekaa kituoni maisha yako yote: besi ya Beca inatembea kama mtu aliyeamua kwenda kwa miguu, na juu yake sauti ya Tirion inaanza kwa utani, inazidi, inazidi, mpaka kiitikio. Walipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Tirion alinitazama, uso umemwishia damu.

Islwyn akasimama. "Kiitikio kina kasoro," akasema. "Hakina sauti ya pili."

"Tuko watatu tu, mzee," Tirion akajibu.

"Nyinyi mko watatu. Mimi nina kwaya imekaa hapa inanenepa. Rudia kiitikio, binti. Wewe unaruhusiwa kurudia."

Sasa, mtu wa bonde hili unaweza kumfungia mgodi, kumnyang'anya reli na kumtupia vitabu vyake takani, lakini humwekei kiitikio mbele yake akakiacha bila sauti ya pili. Mara ya pili wakaingia wa sauti nzito. Mara ya tatu wakaingia wa sauti nyembamba. Mara ya nne nilimwona Gethin mwenyewe, amekunja mikono kwa hasira, mdomo unakwenda.

Jumatatu asubuhi Tirion alipiga simu Swindon kutoka jikoni kwangu.

"Samahani, siji. Nimepata kazi nyingine." Akasikiliza. "Kuimba." Akasikiliza tena. "Bado hailipi." Akasikiliza kidogo zaidi, akacheka. "Asante. Na wewe pia."

Yaliyofuata mliyaona. Kwaya iliubeba ule wimbo hadi uwanja wa raga, timu yetu ikiwa nyuma vibaya mno, na uwanja mzima ukaimba kwenye matope kana kwamba tumeshinda. Mtu akapiga video. Redio, ambazo hazikuwahi kufungua bahasha za nyimbo walizozituma, zikaanza kuuliza hao ni akina nani. Kiangazi kilipofika walisimama kwenye hema kubwa la tamasha la Kiwelisi la Agosti, na vijana kutoka kaskazini, ambao kwa kawaida hawakubali kwamba kusini tunakijua Kiwelisi, waliimba kila neno. Cardiff walijaza ukumbi. Beca alihojiwa kwenye televisheni akasema "Ndiyo."

Na Gethin? Ametundika picha yao karibu na ya babu yake. "Mimi ndiye niliyewapa jukwaa la kwanza," anawaambia wageni. Nimemwacha atambe. Bia ameiboresha.

Lakini sikuandika haya yote ili ufurahi uende kulala. Wiki iliyopita Tirion alirudi nyumbani kutoka ziarani, akapita kwenye gereji, akakuta wasichana wanne wapya wanapiga kinanda na kelele. Akawauliza watapiga lini klabu. Wakamwambia Gethin amekataa, nyimbo ni zao wenyewe na hakuna anayezijua. Tirion alikuja kwangu amewaka kama jiko.

"Shangazi, kila mtoto atangoja Mwaka Mpya wa Kale na kichwa cha farasi?"

Basi sikia. Mkutano mkuu wa klabu ni Alhamisi hii. Tirion ataleta hoja: Ijumaa moja kila mwezi iwe ya wenye nyimbo zao wenyewe, iandikwe kwenye katiba, katibu apende asipende. Nitaiunga mkono. Islwyn analeta kwaya, lakini nusu yao ni wanachama wa klabu ya Maesteg, mji wa jirani, na kura hawana hapa. Kura unayo wewe, mwenye fulana. Mkutano uliukwepa mwaka jana, na mwaka wa juzi, nakumbuka hata kiti chako kitupu. Vaa koti sasa hivi, kamwambie na jirani yako kabla hajakaa mbele ya televisheni, na Alhamisi njoo, kaa mbele, na hoja ikisomwa uinue mkono juu mpaka Gethin auone.