Kufuli la Mlango wa Nyuma

Kufuli la mlango wa nyuma lilitolewa mara mbili kwa mwaka, siku za ukaguzi tu. Asubuhi ya siku hizo tulikuta mlango umeachwa wazi, upepo wa baharini unaingia hadi kwenye meza za kukatia, na juu ya kila cherehani pamewekwa barakoa mpya. Jioni, wakaguzi wakishaondoka, barakoa zilikusanywa zikarudishwa stoo, na kufuli likarudi mahali pake. Tuliambiwa suruali zilikuwa zikiibwa kupitia mlango ule.

Kiwanda chetu kiko Changamwe, ndani ya ukuta wa EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje. Tulishona suruali za jinzi za kwenda Marekani. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, ambayo niliitembeza maofisini miaka miwili mpaka bahasha yake ikachakaa pembe, kisha nikaenda kushona pindo laini ya tatu. Aliyeniingiza ni Nyamvula, Mduruma wa Mariakani, jirani yangu wa chumba cha pili pale Chaani. Alinipa godoro lake la wageni nililalie hadi nipate langu, na siku ya kwanza kazini aliketi cherehani ya mbele yangu, akawa anapunguza mwendo kwa makusudi ili mzigo usinirundikie.

Nyamvula alikuwa na mimba ya miezi mitano ambayo kiwandani hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, na mwenye tumbo hakuongezewa. Alijifunga leso chini ya aproni, akaibana sana. Mumewe, Kitsao, alikuwa mpakiaji kwenye maghala ya makontena hadi mizigo ilipoanza kupelekwa bara kwa reli. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuamka mapema na kurudi mapema. Nyumba ile ilikula kwa cherehani moja.

Mwezi wa pili, saa nne asubuhi, mpira wa pasi ya mvuke ulipasuka. Ukumbi ulijaa ukungu mweupe, mtu akapiga kelele kwamba ni moto. Haukuwa moto. Lakini wanawake zaidi ya mia mbili walikimbilia mlango wa nyuma, na Nyamvula, kwa kuwa alikaa karibu nao, alifika wa kwanza. Alishika lile kufuli kwa mikono miwili. Waliokuwa nyuma hawakujua kwamba mbele hapaendeki, wakaendelea kusukuma. Nilikuwa miongoni mwao. Nilisukuma.

Mimba ilitoka kesho yake hospitalini. Wauguzi walimuuliza Kitsao kama awaachie mtoto au amchukue, akasema ni wake. Alimpeleka Mariakani kumzika, ndani ya ile leso. Siku ya nne Nyamvula alikuwa kwenye cherehani yake. Hakuwa na la kudai, maana kwenye karatasi za kiwanda hakuwahi kuwa na mimba.

Nilikwenda ofisi ya kazi bila kumwambia. Afisa alikuwa mzee mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniagizia maji. Kisha akaniuliza nilidhani yeye ana nguvu gani.

"Binti yangu, nikiwafungia hawa leo, kesho wanapakia cherehani zao kwenye kontena wanahamia nchi nyingine. Serikali imewasamehe kodi ili waje, na kila mwaka inawabembeleza wasiondoke. Huo mpango wenyewe wa kuuza Marekani bila ushuru, hatujui utaendelea au utakufa. Sasa mimi ndiye niwe wa kuwafukuza?"

Nilikunywa maji yake nikarudi.

Mwezi wa nne ikatangazwa kwamba wakaguzi wa mnunuzi wanakuja. Dancun, msimamizi wetu, alitupanga kwenye mistari kama watoto wa shule akatufundisha majibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne Magongo, na bosi alikuwa amemwambia kwamba tukianguka, wa kwanza kwenda nyumbani ni yeye.

"Mlango wa dharura?" akauliza.

"Uko wazi," tukajibu wote.

"Saa ngapi?"

"Saa zote."

"Kama wa mbinguni," akasema Purity wa laini ya nne, na watu wakacheka, Dancun naye akacheka. Nyamvula pia alicheka. Nilimwangalia akicheka.

Jumapili yake tulikuwa bombani tunafua. Alisema bila kuinua macho kwamba amesikia mkaguzi wa safari hii hataki mkalimani wa ofisi, anataka mfanyakazi, na mwenye Kiingereza cha kusimama nacho ni mimi.

"Usinitaje, mdogo wangu. Na ule mlango usiutaje."

Nikamwambia nimesikia. Nilijua atalichukua jibu hilo kuwa ahadi, nikaliacha hivyo.

Mkaguzi alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alizunguka nami akiuliza kuhusu maji, vyoo, saa za ziada, nami nikajibu kama tulivyofundishwa. Tulipofika mlango wa nyuma akauliza kama huwa wazi. Nikamwambia hufungwa kwa kufuli, leo umefunguliwa kwa ajili yako. Aliinama akapitisha kidole kwenye komeo, pale ambapo chuma kilikuwa kimesuguliwa na kufuli kikang'aa. Akauliza kama kuna aliyewahi kuumia. Nyamvula alikuwa hatua tano kutoka hapo, anatutazama. Alitikisa kichwa, kidogo tu. Nikasema yupo aliyeumia. Jina sikutaja.

Nilidhani watalivunja kufuli. Nasema hivyo kwa sababu wengi hudhani nilitaka kuwakomoa. Nilidhani mnunuzi mkubwa vile, mwenye maduka ambayo sisi tuliyaona kwenye lebo tu, ataandika barua, bosi ataogopa, mlango utabaki wazi, nasi tutaendelea kushona. Barua ilikuja kweli, baada ya wiki sita. Ilibandikwa ubaoni. Ilisema kwamba kwa kujali usalama wa wafanyakazi, mnunuzi ameondoa oda yake yote. Bei ya kila suruali walikuwa wameikwangua mwaka baada ya mwaka bila kuuliza tunaishije. Siku waliyotujali, waliondoka.

Laini ya tatu na ya nne zilifungwa Ijumaa ile. Tulikuwa watu mia na arobaini. Dancun alienda na sisi, kama alivyoambiwa. Getini Purity alinizuia njia akaniuliza, mbele ya wote, kama Kiingereza changu kimeshiba.

Kitsao alirudi Mariakani kupasua kokoto. Nyamvula alibaki Chaani mwezi mmoja zaidi akitafuta kufua nguo za watu, na muda wote huo hakunisalimu. Tulipishana koridoni kama wapangaji waliohamia jana. Kisha Jumatano moja mchana akabisha mlango wangu, ameshika karatasi. Kitandani kwake, kupitia mlango ulio wazi, niliona mabegi yameshafungwa.

Karatasi ilikuwa imechapwa ofisini kwa bosi. Ilisema kwamba mimi, Dhahabu, nilimdanganya mkaguzi kwa sababu ya kinyongo na msimamizi, kwamba mlango haukuwahi kufungwa na hakuna aliyeumia, na kwamba naomba radhi. Mnunuzi amekubali kufikiria upya, akaniambia. Nikitia sahihi, huenda oda ikarudi mwezi wa nane na watu wakaitwa.

"Kufuli lenyewe wameshalitupa," akasema. "Nimeenda nikaona. Sasa unashindania nini?"

"Nikiandika halikuwako, wewe uliumizwa na nini?"

Alikaa kwenye ndoo yangu ya maji iliyofunikwa. Alikuwa amekonda, mikono imebabuka kwa sabuni.

"Yule alikuwa wangu, Dhahabu, si wako. Mimi ule mlango nimeusamehe. Wewe ni nani usiusamehe?"

Alinyoosha karatasi juu ya goti lake, akaitoa kalamu kwenye pindo la leso, akaniwekea vyote kwenye ukingo wa kitanda.

"Samahani moja tu," akasema. "Watu mia na arobaini."

Nikamwambia sitaandika.

Aliinuka, akaenda kuchukua mabegi yake. Nilitaka kumbebea begi moja hadi stejini kwa magari, akalivuta likanitoka mkononi. Karatasi na kalamu aliviacha. Oda haikurudi, inasemekana imeenda nchi ambayo jina lake nalisikia redioni tu. Purity anauza maandazi Magongo, na nikipita hufunika beseni.

Ninaumia kwa ajili ya Nyamvula kila siku ninapokiona chumba chake kina watu wengine. Nilivunja nilichomwacha aamini kuwa ni ahadi. Lakini kufuli lilikuwako, na mtoto alikuwako. Siombi msamaha.