Kadi ya Mwavuli wa Mwisho

Alhamisi asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili Bi Mkubwa aruke kwa mara ya mwisho, Mama Mikunjo alifungua chumba chake cha kazi akakuta mwavuli wake umepakwa rangi.

Alisimama mlangoni, ufunguo ungali mkononi. Mwavuli ulikuwa umetandazwa juu ya meza ndefu, ile meza ya hatua kumi na nane ambayo viganja vyake vilikuwa vimeisugua kwa miaka ishirini na mitatu mpaka ikateleza kama sahani. Katikati ya kitambaa cheupe alikuwapo kipanga mwekundu, mbawa wazi na makucha mbele, nembo ya kikosi. Chini yake yaliandikwa maneno kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu: KWAHERI BI MKUBWA. Rangi ilikuwa imekauka na iling'aa. Chumba kizima kilinuka kama mlango mpya.

Bi Mkubwa lilikuwa jina la ndege ya kivita. Mafundi waliipa jina hilo kwa sababu haikubali kuharakishwa wala kudanganywa, na ikinuna, wanaume sita hukesha wakiibembeleza. Dada zake kumi na mmoja walikwisha kung'olewa injini na kuvutwa nyuma ya karakana. Alibaki yeye peke yake. Jumamosi angeruka mbele ya wageni, atue, kisha kikosi kivunjwe na bendera yake ikunjwe.

Sasa, ndege hiyo ilitua kwa kasi ya kutisha, na njia ya kurukia ya pale ilikuwa fupi. Iliishia kwenye uzio, na nyuma ya uzio palikuwa na barabara ya magari. Breki za magurudumu peke yake hazikutosha. Kwa hiyo mkiani mwa ndege kulikuwa na mwavuli: magurudumu yakigusa chini, rubani huvuta mpini, mwavuli ukachomoka, ukajaa upepo, ukaishika ndege kwa nyuma kama mama anavyomshika shati mtoto anayekimbilia barabarani. Kila mwavuli ulikuwa na kadi yake, na aliyeukunja ndiye aliyeitia saini. Rubani hakupanda ndege kabla ya kupita chumba cha mikunjo, akaisoma kadi hiyo kwa macho yake mwenyewe. Hakutumwa mtu kumsomea. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kikosi, na hata majenerali waliiheshimu.

Mama Mikunjo aligusa bawa la yule kipanga. Kitambaa kilichokuwa laini kama utando wa yai kilikuwa kimekakamaa.

"Umeuona, Mama?" Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa Meja, ofisa aliyeletwa mwezi uliotangulia kusimamia sherehe ya kuaga. Alikuwa mtu safi, mwenye viatu vya kujitazamia na daftari lisilotoka kwapani. "Vijana wameupaka jana jioni. Sema kweli, umependeza au haukupendeza?"

"Umependeza, Afande."

"Nilijua tu!"

"Umependeza kama pazia. Utundikwe ukumbini, wageni waupige picha. Mkiani mwa ndege hauingii."

Meja alicheka, maana alidhani ni mzaha. Alipoona uso wa mama yule haujafuata kicheko chake, aliacha. "Mama, ni kutua mara moja tu. Mara moja! Ukifunguka mbele ya Waziri na kipanga huyo mgongoni, watu watalia."

"Usipofunguka watalia zaidi."

"Kunja, utie saini," alisema Meja, na mzaha ukamwisha. "Hiyo ni amri."

Alipokwisha kuondoka, Mama Mikunjo hakukaa kulalamika. Alikunja upindo mmoja wa kipanga kama unavyokunjwa siku zote, akauweka nje juani, akaupandishia mifuko mizito ya chembe za risasi anayotumia kukandamizia kitambaa, akangoja saa nzima. Mkiani mwa ndege kuna joto zaidi kuliko hapo; rangi ikishikana juani, huko itashikana zaidi. Saa ilipotimia alimwita Fundi Mkuu, mzee wa injini aliyekuwa akipita na kitambaa cha grisi begani.

"Shemeji, vuta hapa." Walikuwa wakiitana shemeji tangu Fundi alipooa jirani yake.

Fundi Mkuu alivuta. Kitambaa hakikuachana. Alivuta tena kwa nguvu, kikaachana kwa mlio kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi yenye nywele.

"Lahaula," alisema Fundi. "Huu si mwavuli, huu ni andazi."

"Sitii saini."

"Najua hutii. Nimekuuliza?"

Nyumbani jioni hiyo, binti yake alikuwa amekwisha kuipiga pasi nguo ya sherehe na kuitundika mlangoni. Kadi ya mwaliko ilikuwa juu ya kabati, yenye jina kamili la mama limepigwa chapa, kiti cha safu ya pili, na chini yake maelezo kwamba atapewa cheti cha heshima. Binti alisikiliza kisa chote huku akijipaka mafuta magotini.

"Mama, si umwachie tu Meja asaini mwenyewe? Wewe ukae kwenye kiti chako. Umekingojea kiti hicho."

"Nimekingojea," alikubali Mama Mikunjo. Hakumficha. Alikuwa amekwisha kukiona kiti chenyewe mawazoni mwake, na yeye amekikalia, mkoba mapajani. "Lakini rubani atakuja kusoma kadi, mwanangu. Atatafuta jina langu. Akikuta la mtu mwingine atauliza, na wote watamwambia mambo sawa, Mama amestaafu tu. Ataamini, atapanda."

Binti alifunga kopo la mafuta. Alijua jina lile la kwenye kadi lilikuwa limetoka wapi. Mama yake aliingia kikosini kama mfagiaji. Alijifunza kukunja kwa kumtazama mzee aliyemtangulia, akamshinda, na kwa miaka minane alikunja miavuli yote huku sajini mmoja asiyejua hata upande wa kuanzia akitia saini kwa niaba yake, kwa sababu sheria ilitaka anayesaini awe amekisoma kitabu cha kazi, na yeye hakujua kusoma. Akaenda darasa la watu wazima, akakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Miaka mitatu. Kitabu cha kwanza alichokisoma tangu mwanzo hadi mwisho kilihusu kukunja miavuli. Watu wengine hujivunia nyumba. Yeye alijivunia mstari mmoja wa wino chini ya kadi.

Ijumaa asubuhi Meja alirudi, akiwa amekwisha kuambiwa habari za juani na mifuko ya risasi. Safari hii hakucheka.

"Nimeuliza. Wewe ulikuwa ukikunja na sajini akisaini. Tutarudi huko huko. Kunja, atasaini mwingine. Fundi Mkuu! Njoo hapa."

Fundi Mkuu alikuja taratibu, akijifuta mikono kidole baada ya kidole.

"Saini kadi hii."

"Afande, mimi mtu wa injini. Nikitandika kitanda, mke wangu hutandua akaanza upya. Ndege nzima utaikabidhi kwa mtu asiyeweza hata shuka?"

"Ninakuamuru!"

"Niamuru, Afande. Mkono huu una baridi yabisi, hauandiki Ijumaa."

Meja alimgeukia mama. Shingo ilikuwa imemvimba. "Unajua unachokifanya? Kesho kuna Waziri, kuna televisheni, kuna familia za marubani waliokufa. Watu wamesafiri. Wewe, mkunja vitambaa, unataka kuisimamisha siku hiyo?"

Maneno "mkunja vitambaa" yalimwingia kama sindano chini ya ukucha. Alikwenda kabatini, akachukua kitabu cha kazi, akakifungua bila kutafuta ukurasa, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa, bila haya:

"'Kitambaa cha mwavuli kisipakwe rangi, gundi, mafuta wala wino. Mwavuli uliopakwa uondolewe kazini.' Hapa hawakusema isipokuwa siku za sherehe, Afande. Nimesoma mpaka nyuma ya jalada."

"Basi ndege itaruka na upi? Ndio uliobaki!"

"Upo mwingine." Alivuta kutoka rafu ya chini mfuko wa turubai. Ndani yake ulikuwamo mwavuli wa zamani, umefubaa rangi ya chai ya maziwa, wenye viraka sita. Viraka vyote alivishona mwenyewe, mshono ndani ya mshono.

Meja aliutazama kama mtu aliyeonyeshwa nguo ya ndani hadharani. "Viraka? Mbele ya Waziri?"

"Viraka vinafunguka."

Hapo ndipo alipoingia rubani. Alikuwa mtu wa makamo aliyeitwa Kimya, kwa sababu angeweza kuruka saa mbili na kurudi na maneno manne. Yeye ndiye angeruka na Bi Mkubwa. Alikuwa amesimama nje muda, akisikia yote. Meja alimrukia kwa maelezo: rangi ni nyepesi, jaribio lilifanywa na wasio wataalamu, heshima ya kikosi iko hatarini. Kimya alimngoja amalize, kisha akamtazama mama.

"Wa kipanga, unasaini?"

"Sisaini, mwanangu. Hata nikifukuzwa sasa hivi."

"Wa viraka?"

"Huo nasaini na macho nimefumba. Lakini nitayafumbua."

Kimya alimgeukia Meja. "Naruka na viraka. Au siruki."

Yalikuwa maneno matano. Fundi Mkuu aliyahesabu baadaye akasema hiyo ilikuwa hotuba.

Meja hakuwa na la kufanya kuhusu ndege, lakini alikuwa na la kufanya kuhusu kiti. Alifungua daftari lake, akatafuta safu ya pili, akapiga mstari kwa rula. "Cheti chako hakipo tena. Kesho usionekane hemani. Baada ya sherehe, lete kitambulisho cha getini ofisini kwangu."

"Sawa, Afande," alisema Mama Mikunjo, na tayari alikuwa anazichambua kamba za mwavuli kwa vidole, moja moja, ili zisisokotane. Hakutaka Meja aone macho yake. Alikunja mchana kutwa. Kila pindo alilipitishia kiganja mara mbili. Alipomaliza aliandika jina lake kwenye kadi polepole, herufi zote, hata zile ambazo kwa kawaida huzifupisha.

Jumamosi Kimya alikuja, akaisoma kadi, akaigonga kwa kidole, akatoka.

Mama Mikunjo hakuvaa ile nguo iliyopigwa pasi. Alivaa ovaroli, akasimama mahali pake pa siku zote, kwenye nyasi pembeni mwa njia, mbali na hema. Bi Mkubwa alipita juu mara tatu, na mara ya tatu alipita chini sana hata kofia za wageni zikaruka, na sauti ikamgonga mama kifuani. Watu walipiga makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa anahesabu.

Magurudumu yaligusa. Moshi mdogo, mara mbili. Moja, akahesabu. Mbili. Mkia ulikuwa mtupu. Uzio ulikuwa mbele, na nyuma ya uzio lori lilikuwa linapita. Tatu, na mfuko ukachomoka, ukaburuzika, ukayumba kama mlevi anayetafuta mlango, kisha viraka vyote sita vikatanuka kwa pamoja na mwavuli ukapasua hewa, pwaa! Ndege ilivutwa, pua ikainama. Ilisimama mbali kabisa na uzio, palepale iliposimama siku zote.

"Ndiyo, bibi!" alipiga kelele Mama Mikunjo peke yake nyasini. "Ndiyo! Nani mkunja vitambaa?"

Kimya alipouachia mwavuli, mama alikimbia njiani kuukusanya kabla haujagusa mafuta, kama alivyofanya maelfu ya mara. Kule hemani Meja alikuwa akimpungia mikono kwa hasira, kumwonyesha arudi, televisheni inaona. Mama alimwona vizuri sana. Aliukusanya mwavuli wote kifuani mpaka ukamfika kidevuni, akarudi nao kwa njia fupi, na njia fupi ilipita mbele ya hema. Mafundi waliokuwa wamepangwa mstari nyuma ya viti hawakupewa amri yoyote. Fundi Mkuu alivua kofia kwanza. Wengine wakafuata.

Meja alimkuta mbele ya mnara wa kuanikia, akiupandisha mwavuli kwa kamba.

"Kikosi kimevunjwa dakika kumi zilizopita," alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa wageni walikuwa karibu. "Lete kitambulisho."

"Mwavuli uliotumika huanikwa usiku kucha kabla ya kukunjwa, Afande. Ukurasa wa thelathini na moja."

"Ukunjwe kwa ndege gani? Hakuna ndege!"

"Kitabu hakijauliza ndege." Alifunga kamba mafundo mawili na kuyakaza kwa uzito wa mwili wake. "Kesho nakuja kuuanua. Nitaukunja, nitasaini kadi, nitauweka rafuni. Halafu kitambulisho nitakuletea. Si kabla."

Meja alinyoosha mkono apewe kitambulisho. Juu yao viraka sita vilivimba kwa upepo, na wageni walikuwa wamegeuka wote kutazama, Waziri akiuliza kitu hicho ni nini. Ilimbidi Meja aende kumweleza.

Jumapili, saa mbili asubuhi, mlinzi wa getini alikitazama kitambulisho, akamtazama mwenye nacho.

"Mama, si nasikia mmemaliza jana?"

"Wao wamemaliza," alisema Mama Mikunjo. "Fungua."