Mgeni wa Jumapili

"Nani amechomoa hii?" fundi redio aliuliza, waya wa modemu mkononi.

"Mimi," mkewe alijibu, akipiga pasi kola. "Soketi ni moja, na shati ni lako. Au nilirudishie makunyanzi?"

Fundi hakucheka. Alichomeka waya, akainamia kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya kabati la vyombo mwaka mzima bila kuzimwa. Namba ya nyumba mtandaoni ilikuwa imebadilika. Modemu ikizimwa, kampuni ya intaneti huipa nyumba namba nyingine, na ile ya zamani ndiyo pekee aliyokuwa nayo binti yake.

Kompyuta ile ilibeba tovuti ya ukurasa mmoja, na ukurasa ulikuwa na sauti moja tu: mama wa binti, marehemu sasa, akimgombeza fundi kwa kujaza bisibisi kwenye meza ya chakula, kisha akishindwa kujizuia na kucheka. Fundi aliinasa zamani, akijaribu kinasa sauti cha mteja. Binti alimnunia tangu alipooa tena. Alikwenda kufanya kazi ng'ambo, na simu hapokei. Basi fundi akamtumia namba ya ukurasa kwa ujumbe. Hakujibiwa. Lakini kila Jumapili saa saba mchana kompyuta iliandika kwamba kuna mgeni mmoja, kutoka mji wa ng'ambo alikokuwa binti. Alikuja, akasikiliza, akaondoka. Fundi aliishi wiki nzima akiingoja hiyo Jumapili.

Leo ilikuwa Jumapili, na saa saba ilishapita.

"Si umtumie namba mpya?" mke aliuliza.

"Nikimtumia atajua kwamba huwa namwona akija. Atakata mguu kabisa."

Mke aliisimamisha pasi. "Na asipoikuta sauti ya mama yake, atasema umeifuta kwa ajili yangu."

Hilo fundi hakuwa amelifikiria. Mke akaichukua simu ya mumewe mezani, akabonyeza jina la binti, akamwekea sikioni.

Iliita mara moja tu, ikapokelewa.

"Mwanangu," fundi alisema. "Haijafutwa. Imehama namba tu. Nikusomee?"

Binti akajibu kwa sauti ndogo: "Ngoja, baba. Natafuta kalamu."

Fundi alisimama na fulana tu katikati ya chumba, akisikiliza droo zikifunguliwa moja baada ya nyingine.