Vidole vya Jepkosgei

Saa nane mchana Edah alifika Riverdale, huko ughaibuni, kumpokea Jepkosgei zamu, akamkuta bado anamvalisha Bibi Tolliver soksi. Bibi alikuwa na miaka tisini na mmoja, na ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukimshika vibaya inachanika. Wahudumu wote wa ile ofisi ya kutunza wazee majumbani walikuwa wamewahi kumchana, isipokuwa Jepkosgei.

Edah akanyoosha mkono asaidie.

"Mwache amalize yeye," bibi akasema. "Wewe una mikono ya kukamua ng'ombe."

Edah akacheka, kwa kuwa alikuwa kazini. "Haya, Mama Kiprop. Malizana na mtoto wako," akamwambia Jepkosgei.

Vidole vya Jepkosgei havikuwa na mistari. Vilikuwa laini kama yai tangu Machi ya mwaka huo wa 1998, siku hakimu alipoifuta kesi yake. Alikuwa amekamatwa dukani kwa koti la mtoto ambalo alikwisha kulilipia. Risiti ikapatikana ndani ya bitana ya mkoba, kesi ikaanguka. Hakimu akaandika kwamba ifutwe, pamoja na vyote vilivyochukuliwa siku ya kukamatwa. Siku hiyo walikuwa wamechukua picha, jina na alama za vidole. Jepkosgei akatia sahihi, akatoka, na pale kituo cha basi akashindwa kufungua mfuko wa mkate. Akaufungua kwa meno, akaenda kazini.

Bibi Tolliver alikuwa amekagua mayai miaka thelathini kwenye shamba la utafiti kule Beltsville. Alisema vitu laini alivishika yeye maisha yake yote, sasa ni zamu yake kushikwa.

Wivu wa Edah ulianza na soksi. Baadaye ukawa wa kuoga, kisha wa kulishwa, na kufikia Mei bibi alikuwa hataki dawa mpaka Jepkosgei aje. Edah alikuwa na miaka sita katika kazi ile. Hajawahi kuchelewa.

Jumapili moja Jepkosgei alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Hakimu alikuwa amemwambia kwamba mtu akimuuliza, ana haki ya kusema jambo lile halikutokea. Lakini Mungu utamshukuruje kwa jambo ambalo halikutokea? Akaeleza yote, koti, risiti na pingu, akainua vidole watu waone. Watu wakasema amina. Edah akapiga vigelegele kuliko wote.

"Mimi sijawahi kukamatwa hata siku moja," alimwambia mumewe garini. "Na nimepewa nini?"

Jumatatu akapiga simu ofisini. "Mimi sisemi kitu. Mpimeni tu vidole."

Wakampima. Msimamizi akapaka wino, akabonyeza, na kadi ikatoka na madoa kumi meusi, mazima kama mbegu za papai.

"Kadi ya namna hii ni ya tatu kuiona mwaka huu," msimamizi akasema. "Jina lako ni safi. Lakini bila vidole sijui kama aliye safi ni wewe."

"Vidole vilibaki kortini."

"Kwani ulikuwa na kesi?"

Jepkosgei akanyamaza, kwa sababu kisheria hakuwa nayo. Msimamizi akaandika: ameulizwa, hakujibu. Akamwomba arudishe beji.

Edah akapewa zamu zote mbili. Siku ya kwanza alimchana bibi muundi, siku ya tatu kiwiko. Akajaribu glavu, zikavuta ngozi zaidi. Akasugua vidole vyake kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka vikawa vyekundu. Asubuhi mistari ilikuwa imerudi, yote.

"Niletee yule wa mayai," bibi akasema.

Alhamisi Edah akaomba ruhusa, akaenda mahakamani kupanga foleni. Waliomtangulia walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakisukuma mlango kwa bega kwa kuwa kitasa kiliwateleza. Edah akawaangalia mikono. Zamu yake ikafika.

"Kesi namba ngapi?" karani akauliza.

"Sina kesi. Nataka kufutwa."

"Mama, huna cha kufutwa. Anayefuata."

Jumapili mchungaji akawaambia wasalimiane. Edah akaushika mkono wa Jepkosgei, ambaye siku hizi alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala kule Landover, na mengi yalikuwa yakimponyoka.

"Bibi anaendeleaje?"

"Anakuulizia, Mama Kiprop."

"Mpake mafuta kabla ya soksi. Si baadaye."

Edah akaitikia. Wimbo ukaanza, watu wakaachana mikono. Yeye bado alikuwa ameshika, akikipapasa kile kidole gumba taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa asichokuwa na uwezo wa kukinunua. Akakaza zaidi. Mkono ukateleza kidogo kidogo, ukatoka.