Namba Isiyohama

Mama Pacha alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, roho mkononi. Mtihani huu wa mdomo alishaanguka mwaka jana, na chuo cha ualimu hakitoi nafasi ya tatu. Mama mkwe wake, aliyekuwa nje kwenye benchi na wajukuu wake pacha, alikuwa amemwambia asubuhi bila kumung'unya maneno: "Ukianguka tena, mwanangu, basi. Utakaa nyumbani ulee."

"Fomula hii ya namba changamano," akasema mtahini, mzee ambaye wanachuo walimbandika jina la Chuma, "inachukua z na kuigeuza: z mara tatu toa nne, yote ugawanye kwa z toa moja. Karibu kila namba inahamishwa. Nitafutie zisizohama. Na usiniletee mbwembwe, aljebra ya kawaida inatosha."

Eeh, na mbwembwe ndizo zilizomwangusha mwaka jana! Safari hii akaenda polepole. Namba isiyohama hutoka kama ilivyoingia, kwa hiyo akaandika kwamba jibu la fomula ni z yenyewe. Akazidisha, akakusanya kila kitu upande mmoja: z mraba, toa z mara nne, jumlisha nne, sawa na sifuri. Akaivunja kuwa mabano mawili, akapata z ni mbili.

Moja tu? Jasho likamtoka. Kikundi chao cha kujisomea kilikuwa na kibwagizo walichokiimba hata wakifua: "Mraba majibu mawili, ukipata moja umekosea!" Basi, maskini wa Mungu, akafuta jibu sahihi kwa kiganja chake mwenyewe. Akaanza upya. Mbili. Akafuta tena. Mbili ileile ikarudi! Chuma akakohoa, akatazama saa.

Huko nje mtoto mmoja akaangua kilio, wa pili akadakia kwa sauti ileile. Hata yeye mama mtu hakujua nani kaanza. Akayatazama mabano yake upya: z toa mbili, na tena z toa mbili. Loo!

"Yapo mawili, mwalimu," akasema, nusura acheke. "Ni pacha. Yote yamekaa kwenye mbili." Akaiingiza mbili kwenye fomula: sita toa nne ni mbili, gawa kwa moja, ikatoka mbili kama ilivyoingia.

"Na ulichokuwa ukifuta ni nini?"

"Jibu sahihi, mwalimu. Tena si mara moja."

Chuma akacheka mpaka akavua miwani. "Umefaulu. Nenda kawabembeleze hao, kabla hujafuta na hili."

Alhamdulillahi! Alitoka mbio. Mama mkwe alikuwa palepale alipomwacha, pacha mmoja mgongoni, mwenzake mapajani. Aliutazama uso wa mkwewe, akajua amefaulu.

Mama Pacha akanyoosha mikono awapokee wanawe.

"Ebu toa mikono yako huko, imejaa chaki," akasema mama mkwe, machozi yakimlengalenga. "Waache hapahapa wanizoee. Kwani ukianza kufundisha, utamwachia nani?"