Mke Mwenza wa Rangi ya Damu ya Mzee

Majirani walimwita Bi Mdogo, na jina likamkaa, maana gari lile lilifika kwa mumewe kabla yake. Mwenyewe aliliita mke mwenzangu. Marehemu mumewe alilifuta asubuhi, akalifuta jioni, na kila alipomfungulia mkewe mlango alisema, "Taratibu, taratibu!" Ndoa nzima mama wa watu akawa analipanda roho juu, akijua fika anayehurumiwa pale ni nani.

Sasa mume hayupo, na mke mwenza kaanza kumpiga. Haki ya nani! Kila akiingia, lazima agonge kichwa juu ya mlango.

"Ananifukuza huyu," alimwambia shemeji yake, mdogo wa marehemu. "Tulipeleke likasuguliwe, liuzwe, nipumue."

Mnunuzi akapatikana, akaahidi kuja alasiri ileile.

Gari lilikuwa limepauka kama kisigino kisichojua mafuta. Fundi wa kung'arisha magari aliliosha, akabandika utepe kwenye mipira ya madirisha, akapaka dawa, akawasha mashine yake ya sponji. Bi Mdogo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanuna. Fundi alipofuta mlango kwa kitambaa, mama akajikuta kasimama. Lo! Damu ya mzee, ileile ya siku ya harusi, imeiva mpaka ndani, mawingu yanapita humo, na uso wake mwenyewe unamtazama.

"Kumbe ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwepo, mama. Mimi naondoa uchakavu tu, rangi siongezi."

Kisha fundi akafungua mlango wa abiria, akamulika fremu ya juu, akazima mashine.

"Hapa sigusi. Rangi imekwisha, nikisugua nafika kwenye bati. Nani alivaa pete ya jiwe?"

"Marehemu."

"Basi ona." Ilikuwa mikwaruzo midogo, mingi mno, imerundikana mahali pamoja. "Jiwe la pete hukaa mgongoni mwa mkono. Mgongo wa mkono uligusa bati, kiganja kikatazama chini. Alikuwa anakinga kitu."

"Alilikinga gari lake."

"Mama, angelikinga gari, angelikwaruza?"

Bi Mdogo akashika utosi, penye uvimbe wa asubuhi. Taratibu, taratibu. Miaka yote ile! Akaisogelea ile mikwaruzo polepole, na aliposema, alishusha sauti kana kwamba kuna mtu amelala humo ndani.

"Maskini. Na mimi nilikuwa nanuna."

"Nipapake rangi, mnunuzi asione?" fundi aliuliza.

"Thubutu!" Akamgeukia shemeji. "Mpigie yule mtu. Hatuuzi."

"Shemeji, si ulisema anakufukuza?"

"Nilisema nini mimi? Piga simu!"

Wakati wa kuondoka, shemeji alimfungulia mlango. Bi Mdogo akainua mkono wake mwenyewe, akauegemeza palepale kwenye mikwaruzo, kiganja chini. Akainama, akaingia, na kichwa kikagusa kiganja.