Mtungi Chini ya Hekalu

Mwaka wa tisini na nne, Wahindi wa Sotik walikuwa wamebaki nyumba mbili tu, wakaamua hekalu lao la mawe lihamishiwe Kericho. Kazi ya kulibomoa ilipewa Kiptanui, fundi wa Kaplong. Kila jiwe lilipigwa namba kwa rangi nyekundu, maana halikushikwa na simiti; lilichongwa ulimi ukaingia kwenye tundu la mwenzake. Mnara ukashuka, nguzo zikashuka. Kiptanui alijua akimaliza vizuri atapewa na kulijenga upya, kazi ya miaka miwili, na aliitaka kazi hiyo kufa kupona.

Likabaki jiwe moja, pale sanamu ilipokuwa imesimama. Mzee Jethalal, msimamizi wa hekalu, akasema, "Hilo msiguse, fundi. Ningojeni." Akawasha gari, huyoo, madukani.

"Yote tumegusa, hili tu ndiyo tusiguse?" akauliza Kebaso, msaidizi wa Kiptanui. "Ameficha dhahabu huyo. Ameenda kutafuta gunia."

"Wacha maneno," Kiptanui akasema, lakini moyo ulikataa kutulia. Wiki nzima alikuwa amemwona mzee akiingia pale peke yake, akiinama, akinong'ona, akinyamaza ghafla akionekana. Mtu mwaminifu ananyamazia nini? Na hiyo dhahabu ikipotea kesho, atashikwa nani kama si fundi? Aah, heri ajue mapema! Ndivyo alivyojidanganya. Akachukua mtaimbo, akaling'oa.

Chini palikuwa na mtungi mdogo wa shaba, umezibwa kwa nta. Akaufungua kwa patasi, akamwaga: mchele, ufuta, wimbi, udongo mkavu. Akapekua kwa vidole. Hakuna dhahabu hata chembe. Kebaso alikuwa ameshatoka nje zamani.

Jethalal alimkuta bado amepiga magoti. Mzee alikuwa amebeba shati jipya jeupe na suruali. Akatazama ile nafaka sakafuni.

"Kwetu fundi ndiye hufungua huu mtungi," akasema polepole, "akiwa ameoga, amevaa nguo mpya. Na yeye ndiye huuweka kule Kericho, kabla ya jiwe lolote. Wiki hii yote nilikuwa nakuombea wewe."

"Nisamehe, mzee. Wacha nizoe."

"Zoa."

Alizoa punje kwa punje. Alipomaliza, mzee akachukua mtungi, akamwekea zile nguo mikononi.

"Chukua tu," akasema. "Nilipima mwili wako. Hazitamtosha fundi mwingine."